Maji Yenye Dawa

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili kusafisha tangi la maji pale shuleni ninapofundisha, Kibondo. Walipomaliza kulisugua wakamwaga dawa ndani, na upepo ukaisukuma harufu yake mpaka darasa la tatu, ambako nilikuwa naandika hesabu ubaoni. Niliweka chaki chini nikatoka nje. Mwalimu mwenzangu alinikuta nyuma ya ofisi nimeegemea ukuta, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina mimba. Nikamwambia sina mimba, nina hasira. Akacheka.

Sikuwa natania. Ninayo hasira iliyoanza nikiwa na miaka saba, na kwa miaka mingi sikujua niiweke wapi. Kuna wakati niliiweka kwa baba yangu. Kuna wakati niliiweka kwangu mwenyewe, na huo ulikuwa wakati mbaya zaidi. Ninyi mliokuwa watoto nilipokuwa mtoto, mliotembea peku kwenye umande wa mwezi wa sita huku mkitoa moshi mdomoni na kujidai mnavuta sigara, mtanielewa nikisema kwamba mtoto akidanganywa na neno moja tu, anaweza kuharibu nyumba nzima. Kwangu neno hilo lilikuwa dawa.

Tulikaa Kasulu, nje kidogo ya mji, kwenye mteremko unaoshuka hadi bondeni. Juu kabisa ya mteremko, palipokuwa na chemchemi, kulikuwa na nyumba ya mtu tuliyemwita Bwana Kanada. Hilo halikuwa jina lake. Alikuwa mtu wa kwetu, Muha kama sisi, aliyeondoka akiwa kijana kwenda kusoma Kanada, akakaa huko hadi akaota mvi, kisha akarudi na kontena la vyombo na ramani ya bwawa la kuogelea. Kiha hakukisahau. Akikutana na mama njiani alimwamkia "Mwakeye," kwa upole kabisa, akauliza habari za watoto. Nalisema hili mapema kwa sababu watu nikiwasimulia hudhani alikuwa Mzungu, na wakishadhani hivyo wanaona wameelewa kila kitu.

Bwawa alilichimba nyuma ya nyumba, akalijengea vigae vya bluu, akavuta bomba kutoka kwenye chemchemi kulijaza. Chemchemi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha mfereji wa kina mama bondeni. Mwaka ule bwawa lilipojazwa, mfereji ulibaki na maji ya kulowesha kisigino tu, lakini hakuna aliyekwenda kulalamika. Alikuwa ametoa bati za kanisa. Alikuwa amempa baba yangu kazi.

Baba alitoka Nyabibuye, kule karibu na mpaka, na kabla ya hapo alikuwa hajawahi kuona maji yaliyowekwa mahali ili watu waingie wacheke. Bwana Kanada alimfundisha kwa kitabu chenye picha. Baba alikuwa mtu wa kufundishika. Aliokota majani kwa wavu wenye mpini mrefu, akasugua vigae, akawasha na kuzima mota, na kila asubuhi alichota maji kwenye kichupa kidogo, akadondoshea matone, akakiinua juani kutazama rangi. Siku zisizo na shule alinichukua nikakaa kwenye kigogo kando, kwa sharti la kutogusa kitu.

"Leo halijambo," alikuwa akisema. Au, "Leo linahitaji dawa."

Hapo alikwenda stoo akarudi na ndoo ya bluu, akachota chenga nyeupe kwa kopo, akazirusha juu ya maji taratibu, kama mtu anayelisha kuku wa thamani. Harufu ilinipanda puani mpaka machozi yakatoka. Alirudi nayo nyumbani kwenye shati, kwenye nywele, kwenye mikono. Mpaka leo sikumbuki baba akinukia kitu kingine.

Mimi niliamini bwawa lile ni mgonjwa. Ningeamini nini kingine? Lilikuwa linapimwa kila asubuhi. Lilipewa dawa bila kuulizwa kama lina kadi ya kliniki. Nyumbani mdogo wangu Yohana alikohoa miezi miwili na tiba yake ilikuwa mvuke wa majani ya mkaratusi chini ya khanga. Nililionea wivu bwawa la maji. Nilikaa pale kwenye kigogo nikalichukia, halafu nikalionea huruma kwa kuwa linaumwa, halafu nikalichukia tena.

Mwezi wa sita ulipofika, baridi ikashuka. Mnaijua baridi ya kwetu: asubuhi ukungu unalala bondeni, mabibi wanavaa makoti ya mitumba yenye manyoya shingoni, na mchana jua linawaka kama hakuna kilichotokea. Bwana Kanada akaanza kuzungumzia kufunga bwawa. Siku moja nikamsikia akimwambia baba, "Lazima tufunge kabla winta haijafika."

Mimi nilijua kwamba Winta ni mtu. Nilimpigia hesabu kichwani: lazima ni mkubwa kuliko Bwana Kanada, kwa sababu Bwana Kanada anamwogopa; lazima ni mwizi au afisa, kwa sababu akija inabidi vitu vifichwe. Nilikaa siku tatu nikiangalia barabara. Baba naye alikuwa hajui winta, yale majira ya baridi ya Kanada, ni nini hasa, ila alipewa karatasi iliyochapishwa huko huko Kanada, akatafsiriwa hatua moja moja. Punguza maji hadi chini ya midomo ya mabomba, yasije yakaganda yakapasua ukuta. Tia dawa mara nyingi kuliko kawaida. Funika.

Kasulu, jamani. Mahali ambapo hata bakuli la uji lililosahauliwa nje halijawahi kuganda. Mtu alirudi kwao na baridi ya nchi nyingine mfukoni, akaitumia juu ya vichwa vyetu.

Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa, dawa ikatiwa. Baba alimwaga ndoo moja nzima na nusu ya pili, akiwa amejifunga kitambaa puani, na mimi nikafukuzwa kwenye kigogo nikakae mbali, chini ya mwembe mchanga karibu na uzio. Nikasikia wanavyozungumza.

"Bwana," baba alisema, "dawa hii ni kali. Tuyaache maji wazi juma moja, jua liinyonye, ndipo tuyashushe. Kitabu kile cha kwanza kilisema hivyo."

"Juma moja sina. Jumanne nasafiri kwenda Dar, na nataka niondoke bwawa limefunikwa. Jumamosi ushushe."

"Chini kule kuna bustani za watu."

"Si kuna njia ya kwenda kwenye mikaratusi? Yapeleke huko."

"Ego, bwana," baba akaitikia kwa Kiha.

Hilo "ego, bwana" lilinikaa rohoni miaka mingi kuliko kitu kingine chochote alichowahi kusema.

Bustani za watu maana yake zilikuwa za kina mama watano, na ya kwanza kabisa, iliyoanza pale mfereji unapogawanyika, ilikuwa ya mama yangu. Mfereji ulishuka kutoka kwenye uzio wa Bwana Kanada, ukafika mahali ukawa na matawi mawili: moja la kwenda bustanini, jingine la kwenda kwenye shamba la mikaratusi. Aliyetaka maji aliondoa gunia la udongo kwenye tawi moja akaliweka kwenye jingine. Hata mtoto aliweza.

Mama alikuwa amepanda kabichi, nyanya, na lengalenga, mchicha wa kwetu. Lengalenga zilikuwa za kila siku, alizifunga mafungu akamuuzia Mama Furaha, mwanamke wa Kikongo aliyekuwa akitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kibali chake, akinunua mboga kwetu na kwenda kuziuza huko. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa, akinibeba mgongoni ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa. Lakini kabichi ndizo zilizokuwa na maana. Mama alikuwa amezikusudia kwa jambo moja, kununua bati: nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mvua za mwaka uliopita zilimnyeshea Yohana kitandani. Kila jioni alizipitia kabichi zile akizigusa moja moja. Na zilikuwa na wadudu. Majani yalianza kutobolewa.

"Hizi zinataka dawa," alikuwa akisema. "Zikipata dawa wiki hii zimepona. Zisipopata, basi."

Alisema hivyo Jumatatu. Alisema hivyo Jumatano. Dawa ya kabichi iliuzwa dukani mjini, na pampu ya kupulizia ilikuwa ya kuazima kwa mtu ambaye hakuazimisha bure.

Ijumaa jioni tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na maharage. Baba akanawa mikono, akamwambia mama, "Kesho msifungue mfereji. Maji yatakayoshuka yana dawa. Nitaweka gunia mimi mwenyewe, yatapita kwenye mikaratusi."

"Sawa, Baba Devota," mama akajibu. "Kesho mimi niko sokoni hata hivyo."

Devota ni mimi. Niliacha kutafuna. Maji yana dawa! Yatashuka kesho, yatapita hatua chache tu kutoka kwenye kabichi zinazotaka dawa, na baba anayapeleka kwa miti! Nilimtazama mama nikingoja agombe. Hakugomba. Nikadhani ameogopa. Nikadhani baba ameamua kumpendelea Bwana Kanada hata kwenye hilo, kwamba dawa ile ni ya matajiri na miti ya matajiri, na sisi tusiiguse, kama vile mimi nilivyokatazwa kugusa chochote pale bwawani. Nilikwenda kulala nimekasirika kama mtu mzima.

Jumamosi mama aliondoka alfajiri na ungo kichwani, Yohana mgongoni. Baba alipanda juu. Mimi niliachwa kulinda nyumba. Jua lilipokaribia utosini nikasikia mota inalia kule juu, nikajua bwawa linashushwa. Nikachukua kopo, nikakimbia bondeni.

Maji yalikuja yakinguruma. Sikuwahi kuona mfereji ule umejaa hivyo mwaka mzima. Yalikuwa safi, ya kijani kidogo, na ile harufu yalikuja nayo, harufu ya baba. Nikashika gunia kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kwa mtoto wa miaka saba, nikalivuta, nikaanguka kwa makalio, nikalivuta tena, likatoka. Nikalikokota mpaka kwenye tawi la mikaratusi nikaliacha hapo, nikaliziba vizuri kwa matope na kwa miguu. Maji yakageuka yakaingia bustanini, yakapita kwenye matuta moja baada ya jingine, yakazizunguka kabichi za mama yangu shinani. Nilichota kwa kopo nikazimwagia na majani, kila moja, nikihakikisha nimefika kwenye yale matundu ya wadudu. Macho yaliniwasha, mikono iliniwasha. Nilifurahi. Nataka mlielewe hili: sijawahi kuwa na furaha safi kama ile. Kabla ya kuondoka nikarudisha gunia mahali lilipokuwa, kwa sababu nilitaka iwe siri mpaka kabichi zipone, halafu ndipo mama aulize nani amefanya.

Jumapili tulitoka kanisani, mama akashuka bondeni kuchuma lengalenga. Nikasikia yowe. Siyo yowe la msiba. Lilikuwa fupi, kama la mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Nilimkuta amesimama katikati ya matuta. Lengalenga zilikuwa zimelala chini zote, nyeupe kwenye kingo, kama karatasi iliyoloa. Nyanya zilikuwa zimejikunja. Na kabichi, zile kabichi, majani yake yalikuwa na mabaka meupe yaliyoungua, na ukiligusa jani linabaki mkononi. Kwenye mfereji vyura walielea matumbo juu. Bustani za wenzake za chini nazo ziliguswa, lakini kidogo, kwa sababu maji mengi yaliishia kwetu. Kwetu nilikuwa nimemwagia kwa kopo.

Jumatatu asubuhi Mama Furaha alikuja kuchukua mboga. Alisimama ukingoni akavuta hewa kwa pua.

"Mama Devota," akasema, "iyi harufu minaiyuwa. Kule kambi banawekaka iyi dawa mu tangi ya maji tunakunywa. Lakini banawekaka kidogo, kama bufuniko moya. Apa bamemwanga ndoo muzima."

"Ni dawa?" mama aliuliza.

"Kidogo ni dawa. Mingi ni sumu, mama. Inaua."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nilisikia neno hilo, sumu. Sikulia. Niliangalia miguu yangu.

Mama aliingia kwenye matuta. Alichukua beseni, akang'oa kabichi moja, akaitupa ndani, akang'oa nyingine. Mama Furaha akamsaidia bila kuulizwa. Mabeseni mawili yakajaa, mimi nikapewa kabichi mbili nizibebe kifuani, zikinilowesha gauni, na tukaanza kupanda. Sikujua tunakwenda wapi mpaka tulipovuka uzio.

Bwawa lilikuwa limefunikwa. Baba alikuwa ameifanya kazi vizuri. Turubai zito la kijivu lilivutwa likanyooka kama shuka la hospitali, limefungwa kwa kamba kila upande. Nyumbani tulikuwa na blanketi mbili kwa watu wanne. Mama alifika kwenye ukingo akalimwaga beseni lake juu ya turubai. Mama Furaha akamwaga la kwake. Turubai likabonyea, na kabichi zikajiviringisha hadi katikati, zikakusanyika pale zikinuka.

Bwana Kanada alitoka ndani na kikombe mkononi. Baba alikuwa anatokea upande wa chini, ule wa mfereji, buti zimejaa matope.

"Mama Devota, ni nini hiki?" Bwana Kanada aliuliza. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole.

"Ni bati za nyumba yangu," mama akasema. "Nimekuletea."

"Tuongee kwa heshima. Mimi nakuheshimu. Lakini maji yakishatoka kwenye uzio wangu si maji yangu tena."

"Yakiingia kwako ni yako! Umeyafunga kwenye bomba tangu masika, sisi tunachota matope. Yakitoka yana sumu, hapo si yako?"

"Sumu? Ile ni dawa. Hata kambini wanakunywa, muulize huyo mwenzako."

Mama Furaha alipiga makofi mara moja, kwa dharau. "Sisi tunakunywaka bufuniko moya, papa. Wewe kunywa ndoo muzima, tuone."

Bwana Kanada akaweka kikombe chini. Akamgeukia baba. "Mimi nilikuelekeza uyapeleke kwenye mikaratusi. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, bwana."

"Uliyapeleka?"

Baba alikuwa ametoka kukagua mfereji. Nilijua hivyo kwa matope yake. Pale penye gunia niliacha alama za miguu yangu kila mahali, na hakukuwa na mtoto mwingine mwenye miguu midogo kwenye mteremko ule zaidi yangu na Yohana, na Yohana alikuwa hajaanza kutembea. Baba aliinua macho akanitazama. Kisha akatazama miguu yangu. Alikaa hivyo kwa muda, kama anavyokitazama kichupa chake juani.

"Nilisahau kuziba," akasema.

Mtoto ni kiumbe wa ajabu. Nilimwamini! Nilimwona kwa macho yangu akisema uongo na nikamwamini. Nilidhani kweli amesahau, kwamba amesahau hata kwamba hakusahau, na kwamba gunia nililolikokota lilikuwa la mtu mwingine. Nikashusha pumzi. Nikafurahi kuwa baba yangu ana kichwa kibovu.

"Umesikia, mama?" Bwana Kanada akasema, na nikaona mabega yake yakilegea. "Kosa liko nyumbani kwako. Mimi pole yangu nakupa, lakini mambo ya mume na mke sitayaingilia." Kisha akamwambia baba, bila kupaza sauti, "Ondoa takataka hizi kabla turubai halijachafuka."

Hakuna aliyemuuliza kuhusu lile juma moja. Baba hakulitaja. Alivua buti, akapanda juu ya turubai kwa magoti, polepole lisije likapasuka, akatambaa mpaka katikati. Akaanza kuokota kabichi moja moja akizirudisha kwenye beseni. Mke wake amesimama ukingoni, mwanawe amesimama ukingoni, na yeye anatambaa juu ya maji ya mtu akiokota mboga zetu zilizokufa. Turubai lilizama kidogo kwa uzito wake na maji yakajaa kwenye magoti ya suruali. Mama alimtazama mpaka alipookota ya mwisho.

"Wewe," akamwambia, "usiniletee hilo beseni nyumbani."

Hilo ndilo jina alilompa tangu siku hiyo. Wewe. Hakumwita Baba Devota tena. Alimchukua Yohana akaenda kwa ndugu zake Gwarama, akarudi mvua zilipoanza, kwa sababu ya sisi watoto. Alimpikia, alimfulia, alimuuguza alipougua. Lakini jina hakumrudishia. "Wewe, chakula kiko mezani." "Wewe, mgeni wako amefika." Kazi ya bwawa nayo baba aliipoteza mwezi uliofuata; Bwana Kanada alituma ujumbe kutoka Dar kwamba anahitaji mtu makini zaidi. Mtu makini! Baba akarudi kulima vibarua, na nyumba yetu ilikaa na nyasi miaka mingine minne.

Na mimi, ambaye nilijua, nilifanya nini? Nilimdharau. Nilipofika umri wa kuelewa kwamba hakusahau, kwamba alinitazama miguu na akaamua, sikumshukuru. Nilimkasirikia zaidi. Nilimwona amelala chini ya yule mtu mara mbili: kwanza kwa "ego, bwana", pili kwa kumpa Bwana Kanada kile alichokuwa anakitafuta, kosa la mtu mwingine. Kwa nini hakusema, "Mimi nilikuomba juma moja ukanikatalia"? Angeweza kunilinda na kumshitaki kwa pumzi moja. Nilimuuliza hivyo nikiwa kidato cha nne, tukiwa tunapukuchua mahindi. Hakushangaa. Alisema, akiniita mwanangu kwa Kiha, "Ningeanza kueleza, mwana wanje, angetaka kujua gunia lilitokaje. Na mama yako alikuwa na hasira ya kuua mtu." Akaendelea kupukuchua. Nikamwambia huo ulikuwa woga. Akasema, "Labda." Sikumwomba radhi, na alikufa sijamwomba.

Baada ya matanga yake nilibaki Kasulu na mama siku chache. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Tulikaa uani tukichambua maharage, na mama akaanza kumsema marehemu kama wajane wanavyofanya, mazuri kwanza. Halafu akasema, "Ila kichwa chake. Mtu unaambiwa uzibe mfereji, unasahau. Sikuweza kulisamehe, Devota. Nilijaribu."

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema, "Mama, hakusahau. Aliziba. Mimi ndiye niliyeondoa lile gunia. Ulisema kabichi zinataka dawa, na yeye akasema maji yana dawa. Aliona miguu yangu."

Mikono yake ilibaki ndani ya ungo. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Ulijua tangu lini kwamba amekubebea?"

"Tangu shule ya sekondari."

Akainuka. Nilikuwa mama wa watoto wawili, mwalimu wa serikali, nimevaa kilemba cha msiba. Alinipiga kofi ambalo mpaka jirani alichungulia. Maharage yakamwagika. Kisha akakaa chini, akaanza kulia, akilia kwa jina: Baba Devota, Baba Devota. Aliliita tena na tena, kwa kelele, kama mtu anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mimi nililia pembeni yake. Sikuthubutu kumgusa.

Alipomaliza alijifuta kwa khanga, akaanza kuokota maharage kutoka vumbini, na mimi nikaokota naye. Juu ya mteremko nyumba ya Bwana Kanada ilikuwa inaonekana. Bado anaishi pale, mzee sana sasa, na huletwa kanisani kwa gari. Alikuwa amekuja msibani akampa mama pole kwa Kiha kizuri, na mama akampokea kwa mikono miwili.

"Lile kofi lilikuwa la kwako, na umelipata," mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "La yule wa kule juu bado ninalo mkononi."